Bandu Bandu Huisha Gogo: Napoleon Bonaparte na Jamhuri Iliyojisalimisha kwa Upanga

(Matini ya mhadhara)



Nimeombwa nizungumze juu ya Napoleon Bonaparte, mwanajeshi aliyeitawala Ufaransa tangu mwaka 1799 hadi 1814, kisha akarudi kwa miezi michache katika mwaka 1815. Wengi wetu tulisoma habari zake shuleni kama orodha ya vita na tarehe. Leo sitahesabu vita. Nataka tuulize swali moja ambalo orodha ya vita hailijibu. Mnamo Septemba 1792 Wafaransa waliufuta ufalme na kutangaza jamhuri, na tarehe 21 Januari 1793 wakamkata kichwa aliyekuwa mfalme wao, Louis wa Kumi na Sita. Tarehe 2 Desemba 1804, kabla ya miaka kumi na miwili kutimia, watu wa Paris walijipanga barabarani katika baridi kumtazama mtu mmoja akienda kuvikwa taji. Taifa ni lilelile, mji ni uleule, na wengi wao ni watu walewale. Ilikuwaje?

Jibu jepesi ni kwamba mtu mwerevu mwenye jeshi aliwanyang'anya uhuru wao. Jibu hilo hupendeza kwa sababu humtwika lawama mtu mmoja na kuwatakasa wengine wote. Lakini halitoshi. Uhuru wa Wafaransa haukuanguka kwa pigo moja. Ulichongwa kidogo kidogo, na kila kipande kilichoanguka kilikuwa na sheria yake, muhuri wake na hata kura yake. Tena shoka la kwanza halikushikwa na Bonaparte. Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Basi tutazame jinsi gogo lile lilivyokwisha.

Mtoto wa Mapinduzi

Napoleon alizaliwa mjini Ajaccio, katika kisiwa cha Corsica, tarehe 15 Agosti 1769, mwaka mmoja tu baada ya dola ya Genoa kukikabidhi kisiwa hicho kwa Ufaransa. Kifaransa kwake kilikuwa lugha ya shule. Alisomeshwa katika shule ya kijeshi ya Brienne kwa ufadhili wa mfalme, na mwaka 1785, akiwa na umri wa miaka 16, akawa luteni katika kikosi cha mizinga. Katika ufalme wa kale vyeo vya juu jeshini vilikuwa karibu vyote ni urithi wa makabaila wakubwa. Kijana wa ukoo mdogo wa kisiwani, hata angekuwa hodari namna gani, asingetarajia kufika mbali.

Mapinduzi ya mwaka 1789 ndiyo yaliyomfungulia mlango. Azimio la Haki za Binadamu na Raia, lililopitishwa tarehe 26 Agosti mwaka huo, lilitangaza kwamba nyadhifa ziko wazi kwa raia wote kwa kadiri ya uwezo wao. Maofisa wengi wa kikabaila wakaihama nchi na kuacha nafasi zao. Mnamo Desemba 1793 mizinga ya Bonaparte ilisaidia kuwafukuza Waingereza katika bandari ya Toulon, naye akapandishwa kuwa brigedia-jenerali akiwa na miaka 24. Usawa wa wote ndio uliomlea mtu huyu. Tutaona baadaye alivyomlipa mlezi wake. Fadhila ya punda ni mateke.

Shoka la kwanza

Mwaka 1793 na 1794 Ufaransa ilipita katika kipindi cha utawala wa vitisho, ambapo maelfu ya watu waliuawa kwa jina la Mapinduzi. Robespierre alipoanguka Julai 1794, waliobaki walitaka utulivu. Katiba ya mwaka 1795 iliunda serikali ya wakurugenzi watano na mabaraza mawili ya kutunga sheria: Baraza la Wazee na Baraza la Mia Tano. Kila mwaka thuluthi moja ya wabunge ilipaswa kuchaguliwa upya. Kwenye karatasi, hiyo ilikuwa katiba ya watu waliojifunza kuogopa mamlaka ya mtu mmoja.

Lakini tazameni ilivyoanza. Wabunge waliokuwa wakimaliza muda wao walipitisha amri kwamba thuluthi mbili ya wabunge wapya lazima watoke miongoni mwao wenyewe. Waliogopa kwamba wananchi, wakiachiwa hiari, wangewarudisha wafuasi wa mfalme. Mjini Paris watu waliokasirishwa na amri hiyo, na wafuasi wa mfalme wakiwamo kati yao, waliinuka na silaha. Tarehe 5 Oktoba 1795 kijana Bonaparte alipewa mizinga alilinde bunge, akaifyatua katika barabara za mji. Mamia ya watu waliuawa au kujeruhiwa. Baada ya wiki chache akawa mkuu wa majeshi yote yaliyokuwa ndani ya nchi.

Mwaka 1797 uchaguzi ulifanyika, na upande wa kulia, pamoja na wafuasi wa mfalme, ukapata ushindi mkubwa. Watatu kati ya wale wakurugenzi watano walikataa matokeo. Waliita askari, na Bonaparte, ambaye wakati huo alikuwa akishinda vita nchini Italia, akawapelekea jenerali wake mmoja aitwaye Augereau. Tarehe 4 Septemba 1797 askari waliyazingira mabaraza, uchaguzi wa mikoa 49 ukafutwa, na baadhi ya wabunge wakapelekwa uhamishoni Guyane, ng'ambo ya Atlantiki. Mwaka uliofuata kura zikaelekea upande wa kushoto. Wakurugenzi wakafuta tena: Mei 1798 zaidi ya wabunge mia moja waliochaguliwa walizuiwa kuingia bungeni.

Hapa, ndugu zangu, ndipo ninapoomba tusimame kidogo. Watu waliofanya haya hawakuwa na nia ya kuleta udikteta. Walijiona kuwa walinzi wa jamhuri. Kila mara walipofuta uchaguzi walisema kwamba wananchi wamepotoshwa, na kwamba safari hii tu, kwa ajili ya usalama wa taifa, sheria ipumzike. Lakini mwananchi aliyepiga kura mara mbili na kura yake ikatupwa mara mbili alijifunza somo. Alijifunza kwamba kura si kitu na kwamba neno la mwisho ni la askari. Na askari naye, aliyeitwa zaidi ya mara moja awaokoe wanasiasa, alijifunza somo lilelile. Kilichobaki ni jenerali mmoja kuuliza kwa nini aendelee kuwaokoa wengine.

Misri, na mwambao wetu

Bonaparte alikuwa amejijengea jina nchini Italia mwaka 1796 na 1797. Hakutegemea ushindi peke yake. Alianzisha magazeti yake mwenyewe huko jeshini, yakaeneza sifa zake hadi Ufaransa. Mwaka 1798 alipelekwa Misri ili kuikata njia ya Waingereza kuelekea Bara Hindi. Alishinda vita karibu na Piramidi tarehe 21 Julai. Lakini tarehe 1 Agosti merikebu zake ziliangamizwa na Nelson wa Uingereza, na jeshi lake likakwama.

Mawimbi ya safari hiyo yalifika hata katika bahari yetu. Oktoba 1798 Waingereza, wakihofia Wafaransa, walifanya mapatano na mtawala wa Muscat, Sayyid Sultan bin Ahmad, baba yake Sayyid Said ambaye baadaye alihamishia makao yake Unguja. Januari 1799 Bonaparte naye alimwandikia barua mtawala huyo kutoka Cairo, na barua ikanaswa na Waingereza njiani. Ushindani wa wakubwa hao wawili uliingia katika siasa za Omani na za mwambao kabla Bonaparte hajawa hata mkuu wa nchi yake.

Agosti 1799 aliliacha jeshi lake Misri, akasafiri kwa siri, na tarehe 9 Oktoba akatua kusini mwa Ufaransa. Jenerali aliyewaacha askari wake katika nchi ya ugeni angeweza kushtakiwa. Badala yake alipokewa kwa shangwe, kwa maana huko nyumbani habari za ushindi zilitangulia na habari za hasara zilichelewa.

Waliotafuta upanga

Miongoni mwa wakurugenzi alikuwamo Sieyès, padri wa zamani aliyepata sifa mwaka 1789 kwa kijitabu chake cha kutetea haki za watu wa kawaida. Sasa alikuwa amechoka na katiba na alitaka kuibadilisha kwa njia ya mkato. Alihitaji jenerali wa kumtumia kama upanga: auchomoe, akate, kisha aurudishe alani. Alimpata Bonaparte. Sieyès alijua mengi, lakini alisahau kwamba upanga huu ulikuwa na mawazo yake.

Tarehe 9 Novemba 1799 Baraza la Wazee liliambiwa kwamba kuna njama ya kuipindua jamhuri, na kwa hiyo mabaraza yahamie Saint-Cloud, nje ya Paris. Njama hiyo haikuwapo. Waliokuwa wakila njama ni hao hao waliotoa habari. Kesho yake, tarehe 10, wabunge walikuta jumba limezungukwa na maelfu ya askari. Bonaparte alipoingia katika ukumbi wa Baraza la Mia Tano, wabunge walimzomea, wakamshika mavazi, wakapiga kelele kwamba atangazwe kuwa adui wa sheria. Alitoka akiwa amepauka. Aliyemwokoa ni mdogo wake Lucien, ambaye ndiye aliyekuwa rais wa baraza hilo. Lucien alitoka nje, akawaambia askari kwamba wabunge wachache wenye visu wanawatisha wenzao. Ngoma zikapigwa, askari wakaingia na singe, na wabunge wa taifa la Ufaransa wakatokea madirishani na majoho yao mekundu, wakikimbilia bustanini gizani.

Usiku huohuo wabunge wachache walikusanywa, wakapitisha azimio la kuwapa madaraka makonsuli watatu: Bonaparte, Sieyès na Roger Ducos. Hata katika saa hiyo walitaka karatasi yenye muhuri.

Na Paris je? Mji ule ulioivunja Bastille mwaka 1789 haukuinuka. Wanahistoria wengi wameshangaa. Mimi nadhani si ajabu. Ni nani angehatarisha maisha yake kuwatetea wabunge ambao wao wenyewe waliikubali kura ya mwananchi pale tu ilipowafaa? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyufa za mwaka 1795, 1797 na 1798 hazikuzibwa, na mwaka 1799 ukuta wote ulilala chini.

Hesabu ya kura

Katiba mpya ilikuwa tayari Desemba 1799. Haikuwa na azimio lolote la haki za binadamu. Ilimtaja Bonaparte kwa jina lake kuwa Konsuli wa Kwanza kwa miaka kumi. Bunge liligawanywa kwa namna ya ajabu: baraza moja la watu 100 liliruhusiwa kujadili sheria lakini si kuzipigia kura, na lingine la watu 300 liliruhusiwa kuzipigia kura lakini si kuzijadili. Wenye sauti hawakuwa na mkono, na wenye mkono hawakuwa na sauti.

Katiba hiyo ilipelekwa kwa wananchi katika kura ya maoni. Haikuwa kura ya siri. Mwananchi alikwenda mbele ya afisa, akaandika jina lake katika daftari la Ndiyo au la Hapana. Tena katiba ilianza kutumika tarehe 25 Desemba 1799, kabla kura hazijahesabiwa. Februari 1800 matokeo yalitangazwa: waliosema ndiyo 3,011,007; waliosema hapana 1,562.

Waziri wa mambo ya ndani aliyesimamia hesabu hiyo alikuwa Lucien Bonaparte, yule yule wa Saint-Cloud. Mwanahistoria Claude Langlois aliyachunguza madaftari, na katika utafiti aliouchapisha mwaka 1972 akaonyesha kwamba waliosema ndiyo kwa kweli walikuwa karibu milioni moja na nusu. Wizara iliongeza idadi za mikoani, kisha ikajumlisha takriban nusu milioni ya askari ambao kura zao hazikuhesabiwa mmoja mmoja.

Jiulizeni: kwa nini mtu aliyekwisha kushinda aibe kura? Hata kwa hesabu ya kweli wapinzani wake hawakuwa wengi. Jibu ni kwamba hesabu ile haikuwa ya kutafuta mshindi. Ilikuwa ya kumwambia yule aliyekaa nyumbani kwa mashaka kwamba yuko peke yake. Mwenye mashaka akijua wako milioni kadhaa kama yeye, atamgeukia jirani na kuzungumza. Akiambiwa taifa zima limekubali, atanyamaza.

Ukimya ulitafutwa kwa njia nyingine pia. Tarehe 17 Januari 1800, kati ya magazeti 73 ya siasa yaliyokuwa Paris, 60 yalipigwa marufuku. Kufika mwaka 1811 yalikuwa yamebaki manne. Kila mkoa uliwekewa prefekti, mkuu aliyeteuliwa na Konsuli wa Kwanza na kuwajibika kwake yeye, si kwa watu aliowatawala. Tarehe 24 Desemba 1800 bomu lililipuka katika barabara aliyokuwa akipita Bonaparte kwenda kusikiliza muziki. Waliolitega walikuwa wafuasi wa mfalme. Lakini kabla uchunguzi haujakwisha, wanajamhuri 130 hivi wa mrengo wa kushoto waliandikwa katika orodha ya kupelekwa uhamishoni bila kesi. Ilipothibitika kwamba si wao waliotega bomu, orodha haikufutwa.

Kanisa na kiti cha enzi

Kwa kuwa humu wamo watumishi wa Kanisa, sehemu hii inahitaji uangalifu. Mapinduzi yalikuwa yamelitesa Kanisa la Ufaransa: mali yake ilitwaliwa, mapadri wengi walifukuzwa, na wengine waliuawa. Julai 1801 Bonaparte alifanya mapatano na Papa Pius wa Saba, na Aprili 1802 kengele zikalia tena huko Notre-Dame. Waumini walifurahi, na hakuna anayeweza kuwalaumu kwa furaha hiyo.

Lakini kila zawadi ilikuwa na kamba yake. Maaskofu waliteuliwa na Konsuli wa Kwanza ndipo wakathibitishwa na Papa. Walilipwa mshahara na serikali. Na walikula kiapo cha utii kwake. Serikali ilijiongezea vifungu vingine bila ridhaa ya Papa. Mwaka 1806 ikatolewa katekisimu moja kwa dola nzima, ambamo watoto walifundishwa kwamba kumpenda na kumtii Napoleon, kumlipia kodi na kumpiganie vita ni wajibu mbele ya Mungu, na kwamba mwenye kuukataa anastahili moto wa milele. Siku yake ya kuzaliwa ikafanywa sikukuu ya mtakatifu wa jina lake.

Mwaka 1804 Papa alisafiri hadi Paris. Alimpaka Napoleon mafuta, kama Samweli alivyompaka Sauli. Lakini taji Napoleon alilichukua mwenyewe akajivika, kisha akamvika mkewe Josephine. Maana yake ilikuwa wazi kwa kila aliyekuwamo: baraka alizihitaji, lakini hakutaka kumwia mtu deni. Mwaka 1809 aliiteka nchi ya Papa, Papa akamtenga na Kanisa, na Julai mwaka huo askari wakapanda kuta za makao ya Papa usiku na kumkamata. Alifungwa Savona, kisha Fontainebleau, hadi mwaka 1814. Mwaka 1810 makadinali 13 walikataa kuhudhuria harusi ya pili ya Kaisari. Walivuliwa mavazi yao mekundu na kuamriwa kuvaa meusi. Na tuseme bila kuwaonea haya waliokufa: walikuwa 13 tu kati ya wengi, na wengine waliendelea kumwombea Kaisari katika kila misa.

Miaka kumi ikawa maisha

Mwaka 1802 wabunge wenye ndimi kali, Benjamin Constant akiwamo, waliondolewa barazani. Mwaka huohuo wananchi waliulizwa kama Bonaparte awe Konsuli maisha yake yote. Zaidi ya milioni tatu na nusu, kwa hesabu ya serikali, walisema ndiyo. Mwaka 1804 wakaulizwa kama cheo cha Kaisari kirithiwe na ukoo wake. Jibu likawa lilelile, na waliosema hapana walikuwa kama 2,500 tu. Katika baraza la majadiliano ni mtu mmoja, Lazare Carnot, aliyesimama na kuupinga ukaisari. Mwaka 1807 baraza lenyewe likafutwa. Ndugu zake wakagawiwa nchi: Joseph alipewa Naples, kisha Uhispania, Louis alipewa Uholanzi, Jérôme alipewa Westphalia. Mwaka 1808 ukabaila ukarudishwa, sasa kwa mkono wa mtoto wa Mapinduzi.

Iko siku moja ambayo inatuonyesha utawala huu wote. Ni tarehe 21 Machi 1804. Alfajiri hiyo Mtawala wa Enghien, mwana wa ukoo wa kifalme aliyekuwa ametekwa nyara na askari wa Ufaransa katika nchi jirani ya Baden, alipigwa risasi katika ngome ya Vincennes baada ya kesi ya usiku mmoja, bila wakili na bila shahidi. Siku hiyohiyo ilitangazwa Sheria ya Madai ya Wafaransa, kitabu cha vifungu 2,281, kinachosema kwamba Wafaransa wote wako sawa katika haki zao za kiraia. Kitabu cha sheria na maiti ya mtu aliyeuawa nje ya sheria vilitoka siku moja, katika serikali moja.

Waliosahauliwa katika shangwe

Katika hesabu ya utawala huu wako watu ambao sanamu za Paris haziwataji. Tarehe 4 Februari 1794 bunge la Mapinduzi lilifuta utumwa katika makoloni yote ya Ufaransa. Tarehe 20 Mei 1802 Bonaparte aliurudisha kwa sheria. Huko Guadeloupe afisa Louis Delgrès na wenzake wapatao mia tatu walijilipua kwa baruti tarehe 28 Mei 1802 kuliko kuwa watumwa tena. Huko Saint-Domingue Toussaint Louverture, mtumwa wa zamani aliyekuwa jenerali wa Ufaransa, alikamatwa kwa hila Juni 1802, akafia kifungoni katika ngome ya Joux, kwenye milima yenye theluji, tarehe 7 Aprili 1803. Lakini watu wake walilishinda jeshi la Bonaparte, na tarehe 1 Januari 1804 wakatangaza uhuru wa Haiti.

Jambo hili linatuhusu kuliko tunavyodhani. Visiwa vya Morisi na Réunion, vilivyokuwa chini ya Ufaransa, vililimwa na watumwa ambao wengi wao walitoka Msumbiji na mwambao wa Kilwa. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka. Wenye mashamba wa visiwa hivyo walikataa kuitekeleza amri ya uhuru ya mwaka 1794, na mwaka 1796 waliwafukuza wajumbe walioileta. Sheria ya 1802 iliwapa haki hao waasi wa matajiri, na watu wa pwani yetu wakabaki katika minyororo. Katika makoloni yaliyobaki mikononi mwa Ufaransa utumwa haukukoma hadi mwaka 1848.

Mizani ya urithi wake

Haki inadai tuseme pia mema. Alileta amani na Austria mwaka 1801 na Uingereza mwaka 1802, ingawa haikudumu. Aliimarisha fedha, akaanzisha Benki ya Ufaransa mwaka 1800 na shule za sekondari za serikali mwaka 1802. Mkulima aliyenunua shamba wakati wa Mapinduzi alihakikishiwa kwamba halitarudi kwa kabaila. Wananchi waliomkubali hawakuwa wajinga; walitaka mkate, usingizi na hati ya shamba, na kwa miaka kadhaa walivipata.

Ile Sheria ya Madai ndiyo iliyoishi kuliko yote. Iliandaliwa na wanasheria wanne, ikajadiliwa katika vikao zaidi ya mia moja vya Baraza la Dola. Ilienea Ubelgiji, na kwa njia ya Ubelgiji ikafika Kongo, ambako amri ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba ilifuata mkondo wake. Ilikuwa na dhuluma zake: ilimweka mke chini ya amri ya mumewe, na hadi mwaka 1965 mwanamke wa Ufaransa aliyeolewa aliweza kuzuiwa na mumewe kufanya kazi. Lakini tuangalie jambo moja. Kilichodumu ni kile kilichojadiliwa na wengi, kikaandikwa na kusahihishwa. Alichoamua peke yake, baada ya wote wenye kusema hapana kunyamazishwa, ndicho kilichomwangamiza. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapakuwa na bunge la kumzuia alipoivamia Uhispania mwaka 1808, wala gazeti la kumuuliza alipoivuka mipaka ya Urusi mwaka 1812 na zaidi ya askari nusu milioni, Wafaransa, Wapolandi, Wajerumani na Waitaliano. Waliorudi ni makumi ya maelfu tu. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi hizo zilikuwa watoto wa wakulima.

Aprili 1814 maadui walikuwa ndani ya Paris. Waliomtangaza kuwa ameondolewa ni Seneti yake mwenyewe, watu aliowalipa kwa miaka kumi na minne ili wakubali kila kitu. Walikuwa wamezoea kumkubalia aliye na nguvu, na siku hiyo mwenye nguvu alikuwa mwingine. Alirudi Machi 1815 kutoka kisiwa cha Elba, akashindwa Waterloo tarehe 18 Juni, akafia uhamishoni katika kisiwa cha Saint Helena tarehe 5 Mei 1821.

Mtu alikufa, mfano ukabaki. Mpwa wake, Louis-Napoléon, alichaguliwa rais mwaka 1848 chini ya katiba iliyompa kipindi kimoja cha miaka minne. Bunge lilipokataa kuibadilisha ili aendelee, alilivunja kwa jeshi tarehe 2 Desemba 1851, siku ya kumbukumbu ya kutawazwa kwa ami yake. Akaitisha kura ya maoni, akapewa kura zaidi ya milioni saba, na baada ya mwaka mmoja akawa Kaisari. Alitekwa vitani huko Sedan mwaka 1870. Barani mwetu, Jean-Bédel Bokassa, ofisa wa zamani wa jeshi la Ufaransa aliyetwaa madaraka mwanzoni mwa 1966 na kujifanya rais wa maisha mwaka 1972, alijitawaza kuwa kaisari mjini Bangui tarehe 4 Desemba 1977, akiiga sherehe ya mwaka 1804, katika kiti cha enzi chenye umbo la tai. Alipinduliwa mwaka 1979. Nchi yake ilikuwa miongoni mwa maskini kabisa duniani.

Ndugu wananchi, sikuja kuwaambia kwamba wanajeshi ni wabaya au kwamba kila kiongozi hodari ni Bonaparte. Nimekuja kusema kwamba Bonaparte alikuta nyumba ambayo wenyewe walikwisha kuivunja mlango. Anayefuta uchaguzi mmoja kwa sababu adui ameshinda, hata kama adui huyo ni mbaya kweli, anamfundisha atakayefuata jinsi ya kufuta chaguzi zote.

Mwisho, nawaomba tuwakumbuke wale 1,562. Madaftari ya kura ile yamehifadhiwa katika nyaraka za taifa la Ufaransa. Wengi wa walioandika majina yao chini ya neno Hapana walikuwa watu wa kawaida. Waliandika mbele ya afisa wa serikali, katika nchi ambayo magazeti yalikuwa yakifungwa, wakati askari walikwisha kulitawanya bunge. Hawakubadili matokeo. Lakini serikali iliyozidisha hesabu ya ndiyo kwa karibu milioni moja na nusu ililazimika kuihesabu na hapana yao, na kuitangaza. Miaka kumi na mitano baadaye, mashamba ya Ulaya yalipokuwa yamejaa makaburi, hakuna aliyeweza kusema kwamba hakuna mtu aliyeonya.